Nakala Rudufu ya Tovuti Yako: Ndani Mna Nini?

Tovuti si jambo la Nairobi peke yake. Katika Kaunti ya Mandera leo, shule, chama cha ushirika, duka la jumla au kikundi cha akina mama kinaweza kufungua tovuti yake kwa gharama ndogo. Serikali ya kaunti nayo ina wajibu huo: Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imetaja tovuti miongoni mwa njia za kuwasiliana na wananchi, sambamba na redio za jamii na mikutano ya hadhara.

Tovuti hizi hubeba zaidi ya picha na matangazo. Hubeba fomu za basari, maombi ya kazi, orodha za wanachama, nambari za vitambulisho na barua za watu. Siku tovuti inapopotea, kila mtu huuliza swali moja: nakala rudufu iko wapi? Nakala rudufu ndiyo ile ambayo vijana wa saiba huiita bakapu.

Wengi hujibu kwamba ipo. Wachache ndio waliowahi kuifungua wakaona kilichomo. Kutokujua huko kuna hasara mbili. Ya kwanza, unaweza kugundua siku ya shida kwamba ulichohifadhi ni nusu tu ya tovuti. Ya pili, unaweza kumpa mtu faili moja kwenye flashi bila kujua kwamba umempa barua, majina na funguo zote za taasisi yako. Somo hili linafungua faili hiyo na kueleza kilichomo, kisichokuwemo na namna ya kuilinda. Linamhusu pia mkazi asiye na tovuti, kama tutakavyoona mbele.

Akaunti ya upangishaji ni nini?

Mwenye duka Elwak anaweza kupanga chumba katika jengo la mtu mwingine. Jengo si lake, lakini bidhaa, daftari la madeni na kufuli ni vyake. Tovuti nayo hupangishwa hivyo hivyo. Kampuni ya upangishaji ina kompyuta kubwa zisizozimwa, ziitwazo seva, nawe unalipia nafasi ndani yake kwa mwezi au kwa mwaka. Nafasi hiyo pamoja na jina lake la mtumiaji na nenosiri lake ndiyo akaunti yako.

Unaisimamia kupitia ukurasa maalumu uitwao paneli. Paneli inayopatikana kwa kampuni nyingi za upangishaji ni cPanel, na ndiyo tutakayoitumia kama mfano. Paneli nyingine hupanga vitu kwa majina tofauti kidogo, lakini vilivyomo ni vile vile.

Ndani ya cPanel kuna sehemu ya nakala rudufu yenye njia mbili. Nakala kamili hufunga akaunti nzima katika faili moja. Nakala ya sehemu huchukua kitu kimoja tu, kwa mfano folda ya nyumbani au hifadhidata moja. Tofauti yake ni muhimu: nakala ya sehemu unaweza kuirudisha wewe mwenyewe kupitia paneli, lakini nakala kamili hurudishwa na msimamizi wa seva katika kampuni ya upangishaji. Anayetegemea nakala kamili peke yake ajue kwamba siku ya shida atalazimika kumsubiri mtu mwingine.

Jina la faili linasema nini?

Tuseme kuna shule ya upili, tuliyoibuni kwa ajili ya somo hili tu, ambayo akaunti yake inaitwa "shule". Ikichukua nakala kamili, itapata faili yenye jina kama hili:

backup-4.7.2025_09-30-12_shule.tar.gz

Tarehe hapo imeandikwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi kabla ya siku. Kwa hiyo nakala hii ni ya tarehe 7 Aprili 2025, wala si ya tarehe 4 Julai. Anayeisoma kwa mtindo wetu anaweza kudhani ana nakala ya juzi, kumbe ni ya miezi mitatu iliyopita. Baada ya tarehe ni saa, yaani saa tatu na nusu asubuhi kwa saa ya seva, kisha jina la akaunti.

Herufi za mwisho zinaeleza namna mzigo ulivyofungwa. "Tar" maana yake faili nyingi zimekusanywa kuwa moja. "Gz" maana yake mkusanyiko huo umebanwa ili upunguze nafasi. Kuufungua kwenye kompyuta ya Windows unaweza kutumia programu ya bure iitwayo 7-Zip. Utafungua mara mbili: kwanza gz, kisha tar iliyo ndani yake.

Folda ya nyumbani: kurasa, picha na barua

Ukifungua, utaona folda nyingi. Iliyo nzito kuliko zote kwa kawaida huitwa homedir, yaani folda ya nyumbani. Ndani yake angalia vitu vitatu.

Cha kwanza ni folda ya public_html. Hii ndiyo sehemu ya mbele ya duka, ile inayoonekana na wateja. Humo mna programu inayoendesha tovuti, picha zote zilizopakiwa, na nyaraka za PDF kama fomu za kujiunga na ratiba za mitihani. Ikiwa tovuti inatumia WordPress, picha na nyaraka zitakuwa katika folda ya wp-content, kwenye tawi liitwalo uploads, zikiwa zimepangwa kwa mwaka na mwezi. Kama tovuti inapokea fomu zenye viambatisho, basi vyeti vya kuzaliwa na picha za vitambulisho ambavyo wazazi walituma vinaweza kuwa humo humo.

Hapo pia kuna faili ndogo iitwayo wp-config.php. Ina jina la hifadhidata, jina la mtumiaji wake na nenosiri lake, vyote vikisomeka waziwazi. Anayeishika faili hiyo ameshika ufunguo wa stoo.

Cha pili ni folda ya mail. Ikiwa barua pepe za shule zinapokelewa kwenye seva hiyo, basi zote ziko humu, kila anwani na folda yake. Barua ya mwalimu mkuu kwenda kwa bodi, malalamiko ya mzazi, barua ya daktari kuhusu afya ya mwanafunzi: kila moja ni faili inayofunguka kama maandishi ya kawaida. Wengi hushtuka wanapoliona jambo hili kwa mara ya kwanza. Walidhani wanahifadhi tovuti, kumbe wanahifadhi pia miaka kadhaa ya mawasiliano ya watu.

Cha tatu ni folda iitwayo etc. Humo mna orodha ya anwani za barua pepe za akaunti na manenosiri yake. Manenosiri haya hayasomeki moja kwa moja, kwa kuwa yamevurugwa kwa hesabu maalumu. Hata hivyo, nenosiri dhaifu, kama jina la mji na mwaka, linaweza kukisiwa na kompyuta ya mwizi.

Hifadhidata: daftari la tovuti

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la tovuti ni hifadhidata, na katika nakala kamili iko kwenye folda iitwayo mysql. Kila hifadhidata ni faili moja yenye kiambishi cha .sql.

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Katika tovuti za WordPress na nyingine za aina hiyo, maneno ya kurasa hayako kwenye public_html. Habari, matangazo, majina ya watumiaji, maoni ya wasomaji na majibu ya fomu vyote viko kwenye hifadhidata. Mtu akinakili public_html peke yake, amebeba picha na programu na kuacha maandishi yote. Atakapojaribu kuiwasha tovuti mahali pengine, ataona ujumbe kwamba imeshindikana kuunganisha na hifadhidata, basi. Ni kama familia iliyohama ikabeba miti ya nyumba na mikeka, lakini ikasahau vyombo vya maji kambini.

Kinyume chake pia ni kweli. Ukiwa na hifadhidata bila folda ya nyumbani, utapata maandishi yote lakini kila picha itakuwa pengo tupu. Vitu hivi viwili huenda pamoja, na vema viwe vya siku moja.

Faili ya .sql ni maandishi matupu. Mtu yeyote mwenye programu ya kusoma maandishi anaweza kuifungua, akatafuta jina na kuliona. Haihitaji nenosiri. Kama shule ilikusanya majina ya waombaji wa basari, majina ya wazazi, nambari za simu na mapato ya familia, yote yanaweza kusomwa hapo mstari kwa mstari.

Vitu vidogo vyenye kazi kubwa

Kando ya folda ya nyumbani na hifadhidata kuna vitu vidogo ambavyo watu huvipuuza:

- Faili ya mysql.sql hueleza ni mtumiaji gani ana ruhusa juu ya hifadhidata ipi. Bila ruhusa hizo daftari lipo lakini halifunguki kwa tovuti.
- Folda ya dnszones ni ramani. Huelekeza anayeandika jina la tovuti yako afike kwenye seva ipi, na barua pepe zipelekwe wapi.
- Folda za va na vf hubeba maagizo ya barua pepe, kama vile barua ya ofisi ipelekwe pia kwa karani, au barua za ulaghai zichujwe.
- Folda ya cron hubeba kazi za ratiba, yaani zile zinazojiendesha zenyewe, kama kutuma ripoti kila Jumatatu.
- Folda za vyeti vya usalama hubeba cheti kinachofanya anwani ya tovuti ianze na https, pamoja na ufunguo wake wa siri.
- Folda za cp na userdata hubeba mipangilio ya akaunti: aina ya kifurushi unacholipia, majina ya tovuti zilizo chini yake na anwani ya mawasiliano ya mwenye akaunti.
- Faili ya shadow hubeba nenosiri la akaunti yenyewe, likiwa limevurugwa.
- Folda za kumbukumbu za wageni huonyesha ni kompyuta au simu zenye anwani gani za intaneti zilitembelea tovuti, na saa ngapi.

Sasa tunaona kwa nini faili hii si picha ya tovuti tu. Ni nyumba nzima pamoja na daftari, barua, ramani na funguo, vikiwa vimefungwa juu ya ngamia mmoja.

Ambavyo havimo

Ni muhimu vilevile kujua kile ambacho nakala rudufu haibebi.

Haibebi umiliki wa jina la tovuti. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC na huandikishwa kupitia mawakala wake. Ukikosa kulipia jina likaisha muda, nakala rudufu haiwezi kulirudisha. Hakikisha jina limeandikishwa kwa jina la taasisi, si kwa jina la kijana aliyetengeneza tovuti.

Haibebi barua pepe zinazohifadhiwa kwingine. Kama ofisi yenu inatumia Gmail, barua ziko Google. Na kama simu au kompyuta ya karani imepangwa kuchukua barua na kuzifuta kwenye seva, basi zile zilizochukuliwa hazimo.

Haibebi kurasa zenu za Facebook, makundi ya WhatsApp wala taarifa za malipo ya M-Pesa. Hivyo vina njia zake za kuhifadhiwa.

Tena, haibebi chochote kilichoongezwa baada ya siku ilipochukuliwa. Nakala ya Aprili haijui waombaji wa Mei.

Isilale nyumba moja na tovuti

Mfugaji wa Elwak hategemei kisima kimoja. Lakini wenye tovuti wengi hutegemea seva moja kwa kila kitu, mara nyingi bila kujua. Ukichukua nakala kamili kwenye cPanel bila kubadilisha chochote, faili huwekwa kwenye folda ya nyumbani ya akaunti hiyo hiyo. Seva ikiharibika, au kampuni ikifunga biashara, au mdukuzi akifuta akaunti, tovuti na nakala yake vinaondoka pamoja.

Hasara hii imewapata watu wenye uwezo mkubwa kuliko sisi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, moto ulizuka katika kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja liliteketea kabisa na la pili likaharibika kwa sehemu. Tovuti nyingi mno zilizimika, na baadhi ya wateja walipoteza data yao moja kwa moja kwa sababu nakala zao rudufu zilikuwa kwenye kituo hicho hicho. Mwaka 2023 mahakama ya Ufaransa iliiamuru kampuni hiyo kumlipa fidia mteja mmoja. Fidia, hata hivyo, hairudishi barua wala orodha ya wanafunzi.

Hapa kwetu Kenya, Januari 2012, tovuti 103 za serikali ziliharibiwa kwa mkupuo mmoja na mdukuzi aliyejitambulisha kuwa wa Indonesia. Tukio kama hilo lina funzo lake. Mdukuzi anaweza kuwa ameingia wiki kadhaa kabla ya kuonekana. Kama una nakala moja tu, na kila wiki mpya inafuta ya zamani, basi huenda nakala uliyo nayo imebeba uharibifu ule ule. Ndiyo maana huhifadhiwa nakala za tarehe mbalimbali: ya wiki hii, ya mwezi uliopita, na ya miezi mitatu nyuma.

Kanuni inayofuatwa na wataalamu ni rahisi kukumbuka: tatu, mbili, moja. Uwe na nakala tatu za data yako, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine kabisa. Kwa shule ya Elwak hii inaweza kumaanisha tovuti yenyewe kwenye seva, nakala kwenye diski ya nje iliyofungiwa kabatini ofisini, na nakala nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kampuni tofauti au katika ofisi ya taasisi iliyo mji mwingine. Diski isiachwe kwenye chumba cha mabati chenye joto na vumbi, maana vyote viwili hufupisha maisha yake.

Tatizo la mtandao wetu

Kupakua nakala kubwa kutoka Elwak si jambo dogo. Tupige hesabu. Nakala ya gigabaiti 3 ni sawa na megabiti 24,000. Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde itachukua sekunde 12,000, yaani saa 3 na dakika 20, bila kukatika. Na wakazi wa kaunti hii wanajua mtandao wetu unavyokatika. Minara ya simu imewahi kushambuliwa na kuharibiwa, na miji ikakaa bila mawasiliano. Hata mbali na hapa mambo hutokea: tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora Kenya na nchi jirani. Mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera kupitia Wajir na Elwak umejumuisha kebo ya faiba, lakini tovuti yako inahitaji ulinzi leo.

Zipo njia za kupunguza mzigo:

1. Pakua hifadhidata peke yake kila wiki, au kila siku wakati wa maombi ya basari. Mara nyingi ni ndogo kuliko picha, na ndiyo inayobadilika zaidi.
2. Pakua folda ya nyumbani mara moja kwa mwezi.
3. Badala ya kuipitisha kwenye bando lako, iagize paneli itume nakala kamili moja kwa moja kwenye seva nyingine. cPanel ina nafasi ya kufanya hivyo.
4. Punguza ukubwa wa picha kabla ya kuzipakia. Picha ya simu ya megabaiti 5 haihitajiki kwenye tangazo.

Jambo moja usilifanye: usiihamishe nakala kwenye public_html ili mtu mwingine aipakue kwa urahisi. Humo iko sehemu ya mbele ya duka. Yeyote atakayekisia jina la faili ataichukua, na wapo wanaozunguka mtandaoni wakikisia majina hayo kwa kutumia programu.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamgusa kila anayekusanya habari za watu, iwe serikali, shule au mfanyabiashara. Nakala rudufu haiko nje ya sheria hiyo. Yafuatayo ni muhimu kwa somo letu.

Habari za kifamilia, zikiwemo majina ya wazazi, watoto na mwenzi wa ndoa, ni data nyeti kisheria. Hali ya afya na mali ya mtu nazo ni data nyeti. Fomu ya basari ya kawaida ina karibu yote haya. Kuhusu watoto, sheria inataka idhini ya mzazi au mlezi.

Data isihifadhiwe kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kabati lililojaa nakala za miaka sita ya waombaji ambao wamekwisha kumaliza shule si akiba, ni mzigo wa hatari. Weka ratiba ya kufuta nakala za zamani.

Data ikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa wahusika, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu mvujo ulipojulikana. Flashi yenye nakala rudufu isiyofungwa kwa nenosiri, ikipotea kwenye basi la kwenda Nairobi, ni jambo la kulichukulia hivyo. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo.

Lipo jambo jingine ambalo husahaulika. Mtu ana haki ya kuomba habari zake zirekebishwe au zifutwe. Ukizifuta kwenye tovuti mwezi wa sita, kisha mwezi wa tisa ukarudisha nakala ya mwezi wa tano, umezifufua. Weka orodha fupi ya maombi ya kufuta, na baada ya kurudisha nakala yoyote, ipitie tena.

Kinga iliyo rahisi ni kuifunga nakala kwa nenosiri kabla ya kuiweka kwenye flashi au diski. 7-Zip hufanya hivyo kwa njia ya AES-256. Nenosiri liandikwe na kuwekwa mahali pengine, na lijulikane na watu wawili wa taasisi, si mmoja.

Ikague: akiba isiyokaguliwa si akiba

Tunasema akiba haiozi, lakini faili huoza. Upakuaji unaweza kukatika katikati, diski inaweza kuharibika, na hakuna atakayejua hadi siku ya shida. Kila mwezi fanya ukaguzi huu wa dakika kumi:

1. Linganisha ukubwa wa nakala mpya na ya mwezi uliopita. Iliyopungua ghafla kwa nusu ina kasoro.
2. Ifungue hadi mwisho. Programu ikilalamika, ipakue upya.
3. Tafuta public_html ndani ya homedir. Fungua picha moja ya hivi karibuni.
4. Fungua folda ya mysql. Faili ya .sql isiwe tupu. Nenda mwisho wake kabisa: iliyokamilika kwa kawaida humalizika kwa mstari wenye maneno "Dump completed" na tarehe.
5. Kama mnatumia barua pepe ya tovuti, hakikisha folda ya mail ina anwani zenu zote.
6. Andika tarehe, ukubwa na jina la aliyekagua kwenye daftari la ofisi.

Angalau mara moja kwa mwaka, mwombe fundi airudishe nakala mahali pa majaribio, mbali na tovuti halisi. Hapo ndipo utajua kama ngamia alibeba nyumba nzima.

Siku ya makabidhiano

Tovuti nyingi hutengenezwa na kijana mmoja anayejua kompyuta. Kijana huyo hupata kazi Garissa au Nairobi, na taasisi hubaki bila nenosiri. Bila ugomvi wowote, wekeni makubaliano mapema. Anapoondoka, ofisi ipokee nakala kamili iliyokaguliwa, jina la mtumiaji na nenosiri la paneli, habari za wakala wa jina la tovuti, na tarehe za malipo yajayo. Kisha manenosiri yote yabadilishwe siku hiyo hiyo, likiwemo la hifadhidata. Nakala zilizobaki kwenye kompyuta yake zifutwe, kwa kuwa data ile si yake wala si ya kubeba kwenda nayo.

Hata kama huna tovuti

Mkazi aliyejaza fomu ya basari, ombi la kazi au usajili wa kikundi mtandaoni, habari zake ziko kwenye nakala rudufu ya mtu fulani. Una haki ya kuuliza, kwa upole na bila woga: habari zangu mnazitumia kwa nini? Zinahifadhiwa wapi na kwa muda gani? Nakala zake zinashikwa na nani? Una haki pia ya kuziona na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Usiporidhika na jibu, unaweza kupeleka malalamiko katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Jipime

1. Shule imenakili public_html peke yake. Ikirudisha, itakosa nini?
2. Faili ya backup-9.3.2025 ni ya tarehe gani?
3. Kwa nini nakala iliyoachwa kwenye folda ya nyumbani ya akaunti haitoshi?
4. Taja vitu viwili vya siri vilivyomo kwenye nakala ambavyo havionekani na mgeni wa tovuti.

Majibu: (1) Hifadhidata, yaani maandishi ya kurasa, watumiaji na majibu ya fomu, pamoja na barua pepe na ramani ya DNS. (2) Tarehe 3 Septemba 2025. (3) Ikipotea seva, vinapotea vyote. (4) Barua pepe, manenosiri, ufunguo wa cheti cha usalama, au habari za waombaji kwenye hifadhidata, viwili vyovyote.

Ndugu mkazi, kama taasisi yako ina tovuti, ombeni nakala rudufu wiki hii na muifungue pamoja, fundi na msimamizi. Angalieni homedir, angalieni mysql, kisha ifungeni kwa nenosiri na kuiweka mbali na seva. Mkipata nusu tu, afadhali mjue leo wakati tovuti bado ipo.